Ajida na Ubao wa Wanaobaki

Yeyote aliyetaka kupanda helikopta ya jeshi kwenye kiwanja cha Butembo alikutana kwanza na swali la Ajida. Hakuuliza jina, jina lilikuwa kazi ya watu wa bureau, ofisini. Alikushika bega, akakutazama usoni, akamtazama aliyesimama nyuma yako, kisha akasema, "Munakulaka ku sufuria moya?"

Ukijibu ndiyo, mnakula sufuria moja, mmoja wenu alipanda na mwingine akatolewa kwenye mstari. Wakati huo helikopta zilikuwa mbili, ndogo, za zamani, na zilifuatana: ya kwanza ikishafika na kusema kwa redio kwamba mawingu ya mlimani yanapitika, ya pili nayo inaondoka. Kwa hiyo mume alikwenda na ya kwanza, mke akangoja ya pili. Mama alikwenda, binti akabaki. Aliyebaki alikalishwa kwenye ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali karibu na uzio, na hakuruhusiwa kutoka pale mpaka Ajida aje asimame mbele yake na kusema, "Balishafika," wameshafika. Hakumtuma mtu kulisema neno hilo. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

Watu walimchukia kwa ajili ya ubao ule. Walimwita mchawi, walimwita mwenye wivu, wengine walisema anatafuta kupewa kitu ndipo awaache waende pamoja. Ukimpa kitu alikirudisha, na bado ulikaa.

Alikuwa jirani yangu hapa Mususa kwa miaka mingi. Mimi ni mshonaji; cherehani yangu iko barazani, na kutoka pale mlango wao nauona vizuri kuliko wangu. Cheo chake kilikuwa adjudant, sisi tukakifupisha kikawa Ajida, na mke wake akawa Mama Ajida, ingawa Mungu hakuwapa mtoto hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kupakia: askari, majeruhi, mifuko ya maharagi, masanduku ya dawa, mara nyingine jeneza. Na ninaandika habari zake kwa sababu ya msimu mmoja ambao mtaa mzima ulikaa roho juu. Helikopta mpya za jeshi zilikuwa zimekuja, kubwa, kila moja inasafiri peke yake na kubeba watu wote mara moja. Mama Ajida alikuwa na uvimbe tumboni na alitakiwa kupelekwa Kisangani kupasuliwa, na njia ilikuwa hiyo helikopta tu. Alisema bila mume wake haendi. Na mume wake, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe na kututesa nayo wote, hakuweza kupanda pamoja naye.

Kwao Ajida ni mtoni, mkoa wa Équateur, mbali kabisa na sisi. Alipokuja alikuwa akitushangaa: baridi yetu, viazi vyetu, namna tunavyoamka mapema kama watu wanaodaiwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo kofia ilikuwa inayakunja. Sare yake niliishona na kuirekebisha mimi, na hakuna mteja aliyenichosha kama yeye. Suruali ikiwa na mkunjo mahali pasipotakiwa, aliirudisha. Lakini uzio wake wa matete ulikuwa umelala upande mmoja tangu mwaka aliofika, kuku wangu wanapita juu yake wanavyotaka, na hakuwahi kuuinua.

Samaki ndiye aliyemliza. Aliletewa wa chumvi, aliletewa wa kukaushwa kutoka ziwani, akala, kisha akasema, "Hii ni karatasi ya samaki." Mama Ajida, naye wa mtoni vilevile, alizoea chakula chetu haraka, akapika sombe, majani ya muhogo, vizuri kuliko sisi wenyewe. Ajida alikula huku akiguna. Kinande, lugha yetu, alijifunza salamu tu, na wasingya ya kushukuru, na majina ya vitu vyote vinavyohusiana na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ingawa Jumapili kwenye kanisa lao la uamsho pombe ilikuwa inafukuzwa kwa sauti na yeye alikuwa anaitikia amina.

Kulikuwa na neno lake lingine ambalo sisi wa Mususa tulijifunza kuliogopa. Askari wa huko kwao husema kutwa nzima likambo te, hakuna shida. Yeye alilitunza kwa siku mbaya. Alilisema siku upepo ulipobeba mabati ya shule. Alilisema wakati vita ilipokaribia Kanyabayonga na barabara ikajaa watu wanaotembea na magodoro kichwani. Nilimwuliza kutoka upande wangu wa uzio kama na sisi tuondoke, akajibu, "Likambo te, Mama Masika," nami nikaingia ndani nikafunga mizigo. Siku za kawaida, ukimwuliza habari, alilalamika: mgongo, baridi, mshahara uliochelewa, samaki. Akilalamika, tulilala vizuri.

Na huyu mtu aliyewapandisha wengine angani miaka yote, mwenyewe hakupenda kupanda. Akitumwa Beni alipanda moto, yaani pikipiki. Ile barabara ambayo sisi tulikuwa tunaisalia kabla ya kuondoka na kushukuru baada ya kufika, yeye aliipita nyuma ya mwendesha moto, mvua ikimnyeshea, kuliko kukaa dakika chache ndani ya helikopta. Mama Ajida alikuwa akicheka, "Soda gani huyu, askari gani, anaogopa hewa kupita bunduki." Naye alijibu kwamba ukianguka na moto unaanguka karibu.

Kuhusu sufuria, hakuwa mtu wa kudanganywa. Undugu wa damu haukumpa shida. Ndugu wawili waliogawana urithi na kila mmoja na jiko lake, aliwaacha wapande pamoja, na walikuwa hawasemeshani. Lakini masista wawili wa misheni moja walipokuja na masanduku ya dawa, mmoja alimwambia haraka kwamba wao si ndugu, yeye ni wa Kasugho na mwenzake ni wa upande wa Beni. Ajida akauliza swali lake. Sista angedanganya vipi? Walikuwa wanakula pamoja asubuhi, mchana na jioni. Mkubwa akakalishwa kwenye ubao na rozari yake, na waliokuwepo wanasema alisali kwa sauti ya mtu anayegombana.

Siku moja nilimwuliza mbona kikosi kizima cha askari anakipakia ndani ya helikopta moja, na wote wanakula pamoja kambini. Hakusita hata kidogo.

"Basoda banakula ku sufuria ya Serikali," alisema. "Ile, hata bakufe bote, itabakia na mutu wa kukoroga."

Mimi mwenyewe nilikalia ule ubao. Kaka mkubwa wa mume wangu alikufa Bunia, barabara ilikuwa imefungwa, na kwa kuwa nilikuwa nashonea maofisa tulipewa nafasi mbili. Nilivaa kitenge changu kizuri. Nilijua kwamba Ajida ni jirani, ananijua, tutapita. Akanishika bega akauliza lile swali kana kwamba hajawahi kusikia harufu ya jiko langu.

"Ajida," nikamwambia, "miye na bwana yangu tulifunga ndoa ku Padri. Padri alisema mutu asitenganishe."

"Padri hapana pakia helikopta," akasema.

Mume wangu, mtu mpole kupita kiasi, alipanda akinipungia mkono. Nikakaa. Nilikasirika mpaka machozi yakatoka, na mbele ya watu wa Mususa ambao wangeyasimulia sokoni kabla sijafika Bunia. Kisha kelele ya helikopta ilipopotea nyuma ya mlima, hasira iliniisha, ukabaki woga tu. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali bila kufanya kitu kingine ila kumfikiria mume wangu. Nilifikiria namna anavyokohoa asubuhi. Nilifikiria kwamba sikumwambia chai iko kwenye thermos ndani ya mfuko. Ajida alipokuja na kofia mkononi, nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. "Balishafika," akasema, akaenda zake.

Mume wangu hakufa kwa helikopta. Alikufa kitandani kwake, presha, mchana wa kawaida, nikiwa namlinganishia mteja kola. Ajida alikuja kwenye kilio akakaa chini ya turubai siku zote, sare yake ikichafuka matope, na sikumsikia akilalamika hata mara moja, nikajua amehuzunika kweli. Siku ya kuondoa kilio, watu walipokuwa wanarudisha viti vya parokia, aliketi karibu nami akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote ya ujirani hakuwa amekisema.

Alikuwa kijana, kwenye mafunzo ya jeshi. Kwao, kaka yake, mke wa kaka yake, watoto wao wote na mama yake mzazi walipanda boti moja ya mbao kwenda soko la kijiji cha chini. Boti ilijaa kupita kiasi ikazama. Alipofika nyumbani alikuta mlango umefungwa kwa kamba, na jikoni sufuria iko juu ya mafiga, ndani yake chakula cha watu waliotegemea kurudi kula. Lupango nzima, ua wote wa nyumba, ilikuwa kimya. Majirani walikuwa wamesimama nje ya ua tangu siku iliyotangulia, hawajui kama waingie kulia au wangoje, kwa sababu hakukuwa na mwenye msiba wa kuwapokea.

"Kufa, kila mutu atakufa, Mama Masika," alisema. "Lakini kufa na hakuna mutu ya kukulilia mu lupango yako, ile siyo kufa. Ile ni kupotea. Weye uko hapa, unamulilia. Iko muzuri."

Maneno ya ajabu kumwambia mjane, lakini ndiyo peke yake yaliyonifariji katika kilio kile. Baada ya hapo, binti yangu Masika akiwa ameolewa Goma na nyumba yangu ikiwa imepoa, Mama Ajida alianza kuniita juu ya uzio uliolala: "Mama Masika, kuya tukule." Mwanzoni nilikuwa nabeba sahani yangu. Baadaye nikaacha, nikawa nakula kwao tu kama mtu wa nyumba.

Helikopta mpya tulizisikia kabla ya kuziona. Za zamani tulikuwa tumezizoea: mama wa sokoni alizisikia akasema hii inakwenda upande wa Kasugho, hii inarudi, na ikirudi imeharakisha tulijua imebeba majeruhi, kila mwenye mtoto jeshini akaacha kuuza. Hii mpya ilikuwa na mlio mzito, wa chini, unaosikika kifuani. Ilipopita mara ya kwanza juu ya mji, sisi tulidhani ni ya adui. Soko lilikimbia. Watu waliingia chini ya meza za ndizi, mama mmoja alifunika watoto wa jirani yake akasahau wake. Ajida alitoka kwake na fulana ya ndani, akasimama katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili na kuzungusha kama anavyofanya kiwanjani, anapaza sauti, "Ni yetu. Ni yetu." Tulicheka sana baadaye. Lakini nilipoingia kwao jioni kula, niliona mfuko wake wa safari umefungwa, uko nyuma ya mlango, na Mama Ajida alinikonyeza nisiuulize.

Sherehe ya kuzipokea rasmi ilifanyika Beni. Nilimpunguza suruali kiuno kwa ajili ya sherehe, maana ugonjwa wa mke wake ulikuwa unamkondesha yeye. Alirudi jioni na kofia mpya na hadithi fupi. Wakubwa walikuja kutoka Kinshasa, kulikuwa na mahema, fanfare, bendi ya jeshi, na aumônier, padri wa jeshi, akanyunyiza maji ya baraka mpaka vioo vikalowa. Watu wa Beni walipiga makofi, na nani angewalaumu? Kwa miaka walikuwa wanangoja msaada unaofika kwa miguu. Sasa askari wangefika vijijini kabla moshi haujaisha, na majeruhi wasingekufa njiani juu ya lori.

"Iko na mulango ya nyuma," Ajida alieleza, akionyesha kwa viganja. "Inafunguka mupaka chini. Gari inaingia. Batu banaingia, banaingia, haiyale, nafasi bado iko."

"Ni muzuri, basi," Mama Ajida alisema.

"Ni muzuri. Ni muzuri sana." Akanywa chai. "Likambo te."

Mama Ajida akanitazama. Sikumaliza chakula.

Pamoja na helikopta alikuja lietena, luteni kijana, aliyesomea kazi hiyo, mwenye adabu. Sitaki kumsingizia ubaya, hakuwa nao. Alimwita Ajida mukubwa na kumpa kiti. Lakini kwa utaratibu mpya kila abiria alikuwa na mkanda wake na nafasi yake, na ndege ilikuwa moja. Ya pili ya kungoja iko wapi? Siku za kwanza Ajida alishika watu mabega akauliza swali lake, watu wakajibu, kisha wakapanda wote pamoja, baba, mama na watoto, wakimcheka kidogo. Lietena alimvumilia. Mwishowe akasema, "Mukubwa, sasa tunapakia bote mara moya. Ile ubao, ni ya kazi gani tena?"

Ajida aliubeba begani kutoka kiwanjani mpaka Mususa, nyuma yake watoto wa shule wanauliza kama ameanza useremala. Akautafutia matofali, akauweka mbele ya mlango wake. Tangu hapo, kila helikopta ilipoondoka na familia ndani, alikuwa anasimama kiwanjani akizungusha kofia vidoleni mpaka redio iseme, na hakukuwa na mtu wa kwenda kumwambia balishafika, kwa sababu hakuna aliyebaki. Aliniambia hilo ndilo linalomnyima usingizi. Si kwamba zitaanguka. Ni kwamba hakuna aliyebaki.

Wakati huo tumbo la Mama Ajida lilikuwa limevimba mpaka nikamwongezea vitambaa pembeni ya kabaa, blauzi zake. Madaktari wa hapa walisema mpasuaji anayeweza kazi ile yuko Kisangani. Komanda, kwa heshima ya miaka ya Ajida, alitoa nafasi mbili, mume na mke. Ungedhani tatizo limekwisha. Ndipo lilipoanza.

"Enda na Mama Masika," Ajida alimwambia. "Miye nitafuata ku ile ingine."

"Ile ingine itaenda siku gani?"

"Itaenda."

"Nikikatwa tumbo, nataka nione sura yenye ninayuwa," alisema Mama Ajida. "Sura ya Mama Masika ni muzuri, lakini siyo ile niliolewa nayo. Bila weye siendi. Nitakufia hapa."

Nami nilikuwa katikati, na kijiko mkononi. Nilimwonea huruma mume na nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba Mungu hahesabu sufuria. Alinisikiliza kwa upole, na nilijua kila neno langu linamgonga na kurudi. Helikopta ya Kisangani haikuja kila wiki. Ilipokuja, tulimpeleka Mama Ajida kiwanjani kwenye kiti cha plastiki. Ajida alipakia watu wote, mmoja mmoja, akafika kwa mke wake, akanyoosha mkono. Mama Ajida akauliza, "Na weye?" Akaurudisha mkono. Mlango wa nyuma ukafungwa polepole mbele yetu, nasi tukarudi naye nyumbani kwenye kiti kilekile.

Baada ya hapo alianza kushindwa kula. Daktari aliniita pembeni akasema tusizichezee siku. Ajida aliacha kulalamika kabisa: hakutaja mgongo, hakutaja samaki. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ubao wake, mbele ya mlango, kama mtu aliyejitoa mwenyewe kwenye mstari. Nilimwuliza hali ya mgonjwa. "Likambo te," akajibu, nikarudi kwangu nikalia juu ya nguo ya mteja.

Ilipotangazwa helikopta nyingine, Mama Ajida ndiye aliyeshindwa kwanza. Aliniita, sauti yake imekuwa ndogo. "Mama Masika, kama moyo wake unakatala, basi. Nitaenda na weye. Nimechoka kungoyea." Sikufurahi. Nilifunga mfuko wangu, nikaweka kitenge cha kumfunika na thermos, nikamwachia jirani ufunguo wa cherehani. Usiulize kama niliogopa. Niliogopa helikopta, niliogopa Kisangani nisikojua mtu, na zaidi ya yote niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayekaa nje ya chumba cha upasuaji nikingoja habari ya mke wa mtu.

Kiwanja kilikuwa na umande. Helikopta ilitua, ile kubwa, mlango wake wa nyuma ukashuka mpaka chini, na askari walimpandisha Mama Ajida pamoja na kiti chake. Nilimwona ndani, anafungwa mkanda juu kidogo ya tumbo, anapapasa akinitafuta. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Ajida alisimama pale alipozoea kusimama, na fulana yake ya kung'aa juu ya sare.

Nilipofika mbele yake akanishika bega. Akanitazama usoni. Akageuka akamtazama mke wake mle ndani. 

"Munakulaka ku sufuria moya?" akauliza.

"Ajida, iko wakati ya mambo hii? Unayuwa vizuri."

"Nijibu, Mama Masika."

Lietena alikuwa anatutazama, rubani anatutazama. Nikasema, "Ndiyo. Tunakulaka ku sufuria moya. Miye, na ye, na weye."

"Ndo ile nilitaka nisikie." Akanitoa kwenye mstari kwa mkono uleule, taratibu, kama alivyonitoa siku ya Bunia. "Basi weye unabakia."

Alivua fulana ya kung'aa akampa lietena. Alichukua mfuko wangu, akatoa thermos na kile kitenge, akanirudishia mfuko. Kisha akaniambia, akiwa ameniinamia kwa sababu ya kelele, "Ubao iko kwetu. Enda ukae." Akapanda ule mlango wa nyuma akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, miguu imekaza kama ya mtu anayeingia maji asiyojua kina chake. Nilimwona anakaa kando ya mke wake. Nilimwona Mama Ajida anamfunga mkanda, maana yeye aliyewafunga watu wote alikuwa ameshindwa kujifunga. Mlango ukapanda, sikuwaona tena.

Sikungoja ipotee nyuma ya mlima. Nilitembea haraka mpaka Mususa, mlio ule mzito ukinifuata kifuani, nikaingia kwao kupitia uzio uliolala, nikakaa kwenye ubao, simu mapajani.

Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni la arusi. Nikamwambia arudi kesho. Akasema lakini liko tayari, analiona pale linaning'inia, ni hatua chache tu. Nikamwambia niko kazini. Akatazama mikono yangu isiyo na kitu, akatazama mlango wa Ajida uliofungwa, akaelewa au hakuelewa, akaenda. Jua lilipanda. Kuku wangu walikuja wakanizunguka. Nilifikiria namna Ajida anavyosema samaki ni karatasi. Nilifikiria msitu wote ule chini yao, hauna barabara, hauna mtu wa kuuliza. Nilijiambia kwamba ikiwa simu haitalia, mimi ndiye nitakayefungua ule mlango, mimi ndiye nitakayewaita watu waingie, nitawapokea na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Nilipanga hata viti. Sijawahi kuogopa namna ile, na sikuinuka.

Simu ililia. Kulikuwa na upepo ndani yake, na watu wanaosema Lingala kwa sauti.

"Mama Masika," alisema Ajida. "Tulishafika."

Niliwafukuza kuku nisikie vizuri. Kisha nikamwuliza habari ya mgonjwa, nikashika simu kwa mikono miwili nikingoja kile alichozoea kusema.

"Mugongo inaniuma," akasema. "Kiti ya ile helikopta ni mubaya sana. Na huyu bibi yangu, hata hospitali hatujaona, anataka samaki."

Likambo te hakusema. Hapo ndipo nilipoinuka.